Bugomora hadi Dar: Njia fupi ya anga, safari ndefu ya ardhini

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Bukoba hadi Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,025 kwa njia ya anga. Ukizigawanya kwa mwendo wa ndege ya pangaboi inayokata kilomita 550 kwa saa, kisha ukaongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, unapata saa mbili na dakika ishirini na kitu. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo anayopewa kila anayeuliza viwanja hivyo viko mbali kiasi gani. Lakini kwa mkazi wa Kata ya Bugomora, kaskazini mwa Wilaya ya Kyerwa, hesabu hiyo hailigusi jambo hasa analotaka kujua: akifunga mlango wa nyumba yake leo, atapiga hodi Dar es Salaam lini?

Hoja yangu ni kwamba umbali kati ya viwanja ni kipimo cha ndege, si cha abiria, na kwamba tukianza kuzipima safari za Mkoa wa Kagera kwa saa za abiria, kuanzia mlango wa nyumbani hadi mlango wa anakokwenda, vipaumbele vyetu vitajipanga upya. Tumezoea kudai ndege kubwa kwanza, kisha barabara, na ratiba tunawaachia wenye mashirika. Hesabu nitakayoiweka hapa inapindua mpangilio huo: ratiba ndiyo inayokula saa nyingi zaidi za abiria, barabara inafuata, na ukubwa wa ndege uko mwisho kabisa.

Kuipima safari kwa muda si jambo geni katika nchi hii. Karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Kafuro, kituo cha biashara katika ufalme wa Karagwe, ilihesabu njia kwa siku za mwendo. Mwingereza John Hanning Speke aliondoka pwani mwaka 1860 na akafika kwa Mukama Rumanika wa Karagwe Novemba 1861, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Kilichomlia muda hakikuwa urefu wa njia, maana hata kwa mwendo wa miguu umbali ule humalizika kwa miezi michache. Alichelewa kwa kungoja wapagazi, kwa maradhi, kwa vita iliyofunga njia karibu na Tabora, na kwa mazungumzo marefu ya hongo, yaani ushuru wa kupita, katika kila himaya aliyopita. Mabaharia wa pwani nao walilijua jambo hilohilo kwa njia yao. Umbali wa Zanzibar na Maskati haubadiliki, lakini jahazi lililokosa kusi lilikaa bandarini hadi upepo urudi, na nahodha aliyeulizwa Maskati iko mbali kiasi gani alianza kwa kuuliza huu ni mwezi gani. Waliotutangulia walihesabu kungoja kuwa ni sehemu ya safari. Sisi tumekitoa kipande hicho katika hesabu zetu, ilhali bado tunakisafiri.

Ndege inavyohesabu muda wake

Ni haki kwanza kuielewa hesabu ya ndege kabla ya kuilaumu. Umbali kati ya viwanja viwili hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya tufe la dunia, ile ambayo ungeipata kwa kuvuta uzi kutoka nukta moja hadi nyingine juu ya globu. Muda wa angani hupatikana kwa kugawanya umbali huo kwa mwendo wa ndege, kisha unaongezwa muda wa kutembea kwa magurudumu uwanjani, kupaa, kushuka na kujipanga kutua. Nyongeza hiyo, tuseme nusu saa, haijali sana kama safari ni fupi au ndefu. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Ndege inayotoka Singapore hadi New York, mojawapo ya safari ndefu kuliko zote duniani za bila kutua, hukata zaidi ya kilomita 15,000 kwa saa zipatazo 18 na nusu, na nusu saa yake ya kupaa na kushuka inamezwa na ukubwa wa safari. Wastani wake unazidi kilomita 800 kwa saa. Bukoba hadi Mwanza ni kilomita 175 tu. Pangaboi yetu ya kilomita 550 kwa saa inahitaji dakika 19 za mwendo kamili na dakika 30 za kupaa na kushuka. Jumla ni dakika 49, na wastani wake unaporomoka hadi kilomita 214 kwa saa.

Sasa chukua safari ya Bukoba hadi Dar es Salaam inayotua Mwanza. Mwanza iko karibu sana na mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili: Bukoba hadi Mwanza kilomita 175, Mwanza hadi Dar es Salaam kilomita zipatazo 852, jumla 1,027. Ukilinganisha na njia ya moja kwa moja, ndege imezunguka kilomita mbili au tatu tu. Kwa rula ya ramani, kupitia Mwanza hakuongezi kitu. Kwa saa ya mkononi mambo ni mengine: dakika 49 hadi Mwanza, dakika kama 35 za kushusha na kupakia, kisha saa mbili na dakika tatu hadi Dar es Salaam. Saa mbili na dakika 22 za moja kwa moja zimekuwa saa tatu na dakika 27. Kilomita mbili za ziada zimegharimu saa nzima na dakika tano. Anayesema umbali na muda ni kitu kimoja kwa majina mawili na aitazame safari hii.

Kuna na jambo la jua, ambalo jedwali la umbali haliligusi kabisa. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini Bugomora iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi nane, na kila uzi mmoja wa longitudo ni dakika nne za jua. Kwa hiyo, kwa wastani, jua la Bugomora huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam. Ratiba iliyopangwa mjini, ambako saa 12 na nusu asubuhi kumekucha na wauza chai wameshafungua, inamkuta mtu wa Bugomora bado gizani, ameshika tochi ya simu, anamsubiri bodaboda. Akitupa macho ng'ambo ya Mto Kagera upande wa Uganda, saa ni ileile yake. Akitazama upande wa Rwanda, saa iko nyuma kwa saa nzima, ingawa jua linalowaangaza wote ni moja. Ukiwa kwenye pembe hiyo ya nchi, swali la saa ngapi linahitaji kujibiwa kwa uangalifu.

Hesabu ya Bugomora

Sasa tuiweke safari nzima mezani. Bugomora, ambayo kabla ya Kyerwa kuwa wilaya mwaka 2012 ilihesabiwa chini ya Karagwe, iko zaidi ya kilomita 200 za barabara kutoka Bukoba. Njia inatoka upande wa Murongo, inapitia Kaisho na Nkwenda, inaungana na barabara kuu pale Omurushaka, kisha Kayanga, Kyaka na Bukoba. Kipande cha Kyaka hadi Bugene kina lami. Kipande cha Murongo hadi Omurushaka, chenye zaidi ya kilomita 100, ndicho kilichosubiri muda mrefu, na lami yake imekuwa ikiingia kwa vipande. Tuchukue jumla ya kilomita 230 na wastani wa kilomita 45 kwa saa, tukihesabu humo mlima, vumbi la kiangazi, utelezi wa masika, na Hiace inayosimama kila senta kushusha mkungu wa ndizi na kupakia gunia la maharage. Hizo ni saa tano na dakika chache. Ongeza saa mbili za kuripoti uwanjani kabla ya ndege kuondoka. Ongeza saa tatu na nusu za ndege inayopitia Mwanza. Ongeza nusu saa ya kusubiri mizigo Dar es Salaam, na saa moja ya foleni hadi Kariakoo, umbali wa kilomita 12 hivi. Jumla ni saa 12.

Katika saa hizo 12, abiria amekwenda kilomita 1,270 hivi. Zaidi ya asilimia 80 ya umbali huo ameumaliza ndani ya ndege, lakini ndege imetumia chini ya asilimia 30 ya muda wake. Kilomita 240 za ardhini, pamoja na mabenchi ya kungojea, ndizo zilizokula saa nane na nusu zilizobaki. Na hiyo ni hesabu ya siku njema, ambayo gari halikuharibika, mvua haikunyesha, na ndege iliondoka saa inayomfaa.

Siku isiyo njema inakuja hasa ndege inapoondoka asubuhi. Kama ndege inaruka Bukoba saa 3 asubuhi, abiria anatakiwa uwanjani saa 1. Ili afike saa 1 ingebidi aondoke Bugomora saa 8 usiku, saa ambayo hakuna gari la abiria linalopita. Hana njia ila kuondoka jana yake. Anapanda gari mchana, anafika Bukoba jioni, analipa chumba cha gesti, analipa chakula cha usiku, na alfajiri anabeba begi lake kwenda uwanjani, ambao bahati nzuri uko mjini, kando ya ziwa. Kama alitoka nyumbani saa 6 mchana na akafika Kariakoo saa 8 mchana wa siku ya pili, safari yake imechukua saa 26. Sasa linganisha na basi. Tukadirie njia ya barabara kutoka Bugomora hadi Dar es Salaam, kupitia Kahama, Singida na Dodoma, kuwa kilomita 1,450, na wastani wa kilomita 55 kwa saa. Hizo ni saa 26 na dakika chache. Tangu serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, basi halilazimiki kulala njiani. Abiria aliyelipa nauli ya ndege na abiria aliyelipa nauli ya basi wanaweza kufika Kariakoo saa ileile. Tofauti yao ni kwamba mmoja amelala kitandani Bukoba bila kusogea hata hatua, na mwingine amelala kitini huku anasogea.

Kwanza ratiba, pili barabara, tatu ndege

Tukishaiona hesabu hiyo, swali la nini kifanyike kwanza linajibika kwa tarakimu. Tuseme tunaleta ndege ya jeti yenye mwendo wa kilomita 830 kwa saa badala ya pangaboi ya 550. Muda wa mwendo kamili kati ya Bukoba na Dar es Salaam unashuka kutoka saa moja na dakika 52 hadi saa moja na dakika 14. Tumeokoa dakika 38. Tena si jambo rahisi: njia ya kurukia ya Bukoba ina urefu wa takriban kilomita moja na nusu, uwanja umebanwa na mji na ziwa, na uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Ndiyo maana ndege zinazoutumia ni ATR za Precision Air na Q400 za Air Tanzania. Q400 yenyewe, inayokwenda takriban kilomita 660 kwa saa, inaipita ATR kwa dakika 19 tu katika safari hii.

Tuseme badala yake tunainyoosha barabara, na wastani wa mwendo unapanda kutoka kilomita 45 hadi 65 kwa saa. Zile saa tano na dakika saba zinakuwa saa tatu na dakika 32. Tumeokoa saa moja na dakika 35, zaidi ya mara mbili ya faida ya jeti. Na lami haimchagui mwenye tiketi ya ndege: inambeba mjamzito anayekwenda hospitalini, kahawa inayokwenda kwenye chama cha ushirika, na mtoto wa sekondari anayerudi bwenini. Faida ya jeti inaishia kwa wachache waliomo ndani yake.

Kisha tuseme hatugusi barabara wala ndege, tunasogeza saa ya kuondoka tu. Ndege ileile, kwa mwendo uleule, inaondoka Bukoba saa 8 mchana badala ya saa 3 asubuhi. Abiria wa Bugomora anatoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, anafika Bukoba kabla ya saa 6, anaripoti kwa wakati, na jioni hiyohiyo yuko Dar es Salaam. Saa 26 zimekuwa kama saa 13. Tumeokoa saa 13 na gharama ya gesti, bila kumwaga kijiko cha lami. Hakuna injini duniani inayoweza kumpa mtu wa Bugomora faida ya namna hiyo, kwa sababu hakuna ndege inayokwenda kasi ya kufuta usiku mzima wa kungoja.

Njia ya maji inatupa mfano wa kulinganisha. Meli inayovuka ziwa usiku kati ya Bukoba na Mwanza, kama MV Victoria ilivyozoeleka kufanya, ni chombo cha taratibu kuliko gari na kuliko ndege. Lakini abiria wake analala huku chombo kinatembea, na asubuhi yuko Mwanza, kwenye uwanja mkubwa kuliko wa Bukoba. Usiku wake umefanya kazi. Chombo cha polepole chenye ratiba nzuri kinaweza kumshinda mwenda kasi mwenye ratiba mbaya.

Zipo hoja za upande wa pili

Wa kwanza atasema kwamba shirika la ndege haliwezi kupanga ratiba kwa ajili ya kata moja ya mpakani. Kweli, haliwezi, na halipaswi. Lakini Bugomora si peke yake. Sehemu kubwa ya Kyerwa, Karagwe, Ngara na Biharamulo iko saa nyingi kutoka Bukoba, na kwa wote hao ndege ya asubuhi ni ndege ya watu wanaolala Bukoba mjini. Shirika linalotafuta abiria wa kujaza viti lina sababu ya kibiashara kuuliza abiria hao wanatoka wapi. Halijaombwa kutoa sadaka. Linaombwa kuhesabu saa za wateja wake pamoja na za ndege yake, na halmashauri zinaombwa kulipelekea takwimu hizo, kwa sababu ofisi iliyoko Dar es Salaam haiwezi kujua gari la kwanza linatoka Murongo saa ngapi.

Wa pili atazungumzia usalama, na hoja yake ni nzito kuliko zote. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao walipoteza maisha. Wavuvi wenye mitumbwi ndio waliofika kwanza kuwaokoa waliosalia. Yeyote anayeandika kuhusu muda wa safari za Bukoba bila kuikumbuka asubuhi ile hawatendei haki waliopotea. Dakika yoyote inayookolewa kwa kumharakisha rubani ni dakika ya haramu, na ndege inayongoja wingu lipite, au inayorudi Mwanza, imefanya kazi yake vizuri. Lakini hoja ya usalama haiitetei ratiba ya asubuhi. Wataalamu wa hali ya hewa wanajua kwamba mawingu ya ngurumo ya Ziwa Victoria hukua usiku juu ya maji na kupata nguvu kuelekea alfajiri, na pepo za mashariki huyasukuma kuelekea pwani ya magharibi, yaani upande wa Bukoba, ambako mvua za asubuhi ni jambo la kawaida. Nchi kavu nayo ina ngurumo zake za alasiri. Saa ipi ni salama zaidi ni swali la vipimo vya hali ya hewa, na wenye mamlaka ya kujibu ni wataalamu hao pamoja na wasimamizi wa usafiri wa anga. Ninachodai ni kwamba saa za abiria ziwekwe mezani siku wanapolijibu.

Wa tatu ataona yote haya ni anasa: watu wa Bugomora wangapi wanapanda ndege? Ni wachache, ndiyo. Lakini tuangalie ni wakati gani anayelima kahawa na migomba hununua tiketi. Mara nyingi ni pale ambapo muda umekwisha kabisa. Mgonjwa amepewa rufaa ya Bugando, Ocean Road au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na tarehe ya kuonana na daktari imeandikwa. Au kumetokea msiba na maziko hayangoji. Familia imeuza ng'ombe ili kununua saa. Kumuuzia tiketi ya saa mbili na dakika ishirini, kisha safari ikamchukua siku nzima na usiku wake, ni kumpa pungufu ya alicholipia, hata kama hakuna aliyemdanganya. Kuna kosa la ndani zaidi hapa. Katika hesabu za miradi ya usafiri, saa ya msafiri mara nyingi huthaminiwa kwa kipato chake, kwa hiyo saa ya mkulima huonekana rahisi na ya mfanyabiashara wa mjini huonekana ghali. Kwa mtindo huo barabara ya Murongo itakuwa na faida ndogo kwenye karatasi daima. Mimi naamini saa ya mgonjwa anayesubiri gari Kaisho ina thamani ileile na ya mgonjwa anayesubiri Masaki, na mpango wa serikali usioamini hivyo unapaswa kusema waziwazi.

Wa nne atauliza: kwa nini kuhangaika na Bukoba wakati Kigali na Entebbe ziko karibu? Hapa ramani inadanganya tena. Kutoka Bugomora hadi Kigali ni kilomita zipatazo 110 kwa mstari ulionyooka, nusu tu ya njia ya barabara kwenda Bukoba. Lakini katikati kuna Mto Kagera, kuna Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa upande wetu na ile ya Akagera upande wa Rwanda. Gari linalazimika kuzunguka, ama kaskazini kupitia Uganda, ama kusini hadi daraja la Rusumo. Ndege wa angani huenda Kigali kwa mstari mmoja. Binadamu wa Bugomora hana njia hiyo.

Entebbe ni habari nyingine, na ukweli wake usifichwe. Pale Murongo kuna daraja la kuvukia Kikagati, na kutoka Kikagati hadi Mbarara kuna lami ya kilomita 74 hivi. Kutoka Mbarara lami inaendelea hadi Kampala na Entebbe. Mtu wa Bugomora anayekwenda kufanya kazi Dubai akipitia Entebbe ataruka takriban kilomita 3,730. Akipitia Dar es Salaam, kwanza ataruka kilomita 1,025 kuelekea kusini mashariki, kisha 3,980 kurudi kaskazini, jumla zaidi ya 5,000. Hata kwa saa saba za barabara hadi Entebbe, hesabu inamwelekeza ng'ambo. Wapo watakaomwambia apitie kwake kwa uzalendo. Lakini nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana raia wao wasafiri kwa uhuru, na anayefuata njia fupi hajaisaliti nchi yake. Kama tunataka nauli yake ibaki Tanzania, dawa ni kuifupisha njia ya Tanzania, na hesabu imekwisha kutuonyesha pa kuanzia.

Kipimo kinachoweza kutumika kesho

Kuna mpango wa siku nyingi wa kujenga uwanja mpya Omukajunguti, wilayani Missenyi, na mjadala wake hurudi kila linapotajwa tatizo la uwanja wa Bukoba. Siupingi. Uwanja wenye nafasi, mbali na mji na ukingo wa maji, unaweza kuwa jibu jema la usalama na la ndege kubwa. Naomba tu upimwe kwa kipimo hikihiki. Uwanja mkubwa usio na barabara nzuri ya kuufikia, na wenye ndege moja inayoondoka saa isiyofikika, utamwacha mtu wa Bugomora gesti kama zamani, safari hii gesti yenyewe ikiwa mahali pengine.

Jambo la kuanzia halihitaji bajeti kubwa. Halmashauri za Kyerwa na Karagwe zinaweza kuandaa jedwali la ukurasa mmoja: kila kata, saa ya gari la kwanza, muda wa kufika Bukoba kiangazi, muda wa kufika masika, na ndege ambayo mtu wa kata hiyo anaweza kuiwahi bila kulala njiani. Maofisa watendaji wa kata wanaweza kulijaza kwa wiki moja kwa kuwauliza madereva wa stendi. Jedwali hilo likifika kwa mashirika ya ndege, kwa wakala wa barabara na kwa mbunge, kila mmoja ataona saa zake: shirika litaona usiku unaoweza kufutwa, wakala ataona kilomita zinazokula muda, na diwani atakuwa na tarakimu ya kusimama nayo barazani. Kwenye safu ya Bugomora, sehemu ya ndege inayoweza kuwahiwa bila kulala njiani, nadhani wengi watashtuka kukuta pameandikwa: hakuna. Neno hilo moja lina habari nyingi kuliko zile kilomita 1,025, na linaweza kubadilishwa kabla ya mkandarasi yeyote kuleta greda.